Asante Zilizokwenda kwa Hajulikani

Usiku wa kuamkia leo niliota kinyonga amenipigia simu, akaniambia nifike kazini mara moja.

Kinyonga huzungumza polepole. Salamu peke yake zilichukua muda wa kuivisha maharage. Sikumkatiza, kwa sababu ni mkubwa kwangu: alichapwa kwenye jalada la kitabu kabla mama yangu hajajua kusoma. Aliuliza hali yangu, hali ya mama mkubwa, hali ya paka. Alipomaliza akasema, "Hidaya, kuna mtu hapa amekuja kupokea asante zangu. Mimi simjui. Njoo."

Niseme mimi ni nani, maana ndotoni hakuna aliyeuliza. Naitwa Hidaya Semboja. Natunza vitabu vya kale katika jengo moja la zamani mjini Tanga: nashona migongo iliyofumuka, nafuta ukungu, nagombana na mende. Leo tunafungua maonyesho ya majalada. Ni yale majalada ya zamani ya kitambaa, yenye ndege na maua na michoro ya dhahabu, ambayo watu waliyanunua kwanza kwa macho. Chini ya kila kitabu inawekwa kadi yenye jina la kitabu na jina la msanii aliyechora jalada lake.

Kumpata huyo msanii ndiyo kazi. Wengi hawakuandikwa popote ndani ya kitabu. Wengine walificha herufi mbili chini ya jani, au ndani ya bawa la ndege, au kwenye mzizi wa mti, na wewe unakaa na kioo cha kukuzia mpaka macho yanatoa machozi. Tulipata wengi kwa njia hiyo. Tuliyemkosa ni wa kinyonga.

Kitabu chenyewe ni cha kusomea watoto, kilichapwa na kiwanda kidogo cha misheni kule milima ya Usambara. Kitambaa cha kijani. Kinyonga wa dhahabu mwenye pembe tatu amesimama juu ya tawi, na kumzunguka kuna makangaga, yale majani ya kivulini ambayo ncha zake changa hujikunja kama mkia wa kinyonga mwenyewe. Hakuna saini. Nimemkagua kinyonga huyo pembe kwa pembe, kucha kwa kucha.

Namtafuta msanii yule kwa sababu ninadaiwa shukrani. Mama yangu alikuwa mchunga mbuzi, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kumpeleka shule. Siku moja alipita nje ya darasa na mbuzi wake, akamwona kinyonga wa dhahabu mezani kwa mwalimu. Akaingia, na mbuzi wakaingia. Akaomba kumgusa. Mwalimu akamwambia, "Anayemgusa huyu ni anayesoma." Kesho yake mbuzi walichungwa na babu, ambaye alilalamika mpaka alipofariki. Mama akasoma, akawa muuguzi, akanifundisha mimi kwa kitabu hichohicho. Kila alipokifunga alikipapasa jalada na kusema, "Asante wewe uliyechora." Halafu ndipo tulipokwenda kulala.

Jana jioni Bwana Kihiyo, mkuu wetu, aliniletea chai ya tangawizi mezani. Akiniletea chai najua kuna jambo. "Hidaya," alisema, "kadi lazima zichapwe asubuhi. Ya kinyonga tuandike, Msanii: Hajulikani."

"Nipe siku mbili tatu, bosi."

"Maonyesho ni kesho. Na unajua mwenyewe, dai lolote lazima lisimame kwa miguu yake."

Nikanywa chai, nikaenda nyumbani, nikalala. Kinyonga akapiga simu.

Basi, nafungua kabati langu la nguo, natokea kazini. Mlangoni pameandikwa ile sheria yetu ya siku zote: VITABU VYA KALE HAVISHIKWI KWA MIKONO MICHAFU. Mikono yangu ikasoma, ikaona aibu, ikashuka ngazi kwenda kunawa. Nikasimama kuisubiri. Iliporudi, wa kulia ukaniomba radhi, ukasema bombani kulikuwa na foleni.

Ndani, mbele ya kitabu changu, ameketi mzee mmoja aliyevaa suti ya kijivu na kofia ya kijivu. Sura yake siwezi kuieleza. Kila nikimtazama naiona, nikigeuka kidogo imenitoka.

"Hujambo, binti yangu," akasema. "Mimi ni Hajulikani."

"Hajulikani nani?"

"Hajulikani tu. Msanii." Akanionyesha kadi yetu, ile ya Bwana Kihiyo, ameibandika kifuani kama beji. "Nimechora majalada mengi kuliko mtu yeyote duniani. Nyimbo nyingi za harusi ni zangu pia. Na milango ya kuchonga."

"Na huyu kinyonga ulimchora wewe?"

Akamtazama kinyonga. Kinyonga akamtazama yeye kwa jicho moja, na mimi kwa jicho la pili.

"Kadi inasema hivyo," akajibu.

"Basi nichoree kinyonga mwingine."

Akachukua penseli, akaishika upande wa kifutio, kisha akaigeuza. Akachora kwa bidii sana, ulimi ukiwa nje. Aliponipa karatasi nikaona amechora yai.

"Hili ni nini, mzee?"

"Kinyonga, kabla hajazaliwa."

Hakuna aliyecheka. Mzee akavua kofia, akaiweka magotini, na nikaona kwamba anataka kulia.

"Mwanangu, sijui kuchora. Sijawahi kujua. Penye jina lililokosekana ndipo ninapoitwa. Nakwenda, nasimama, watu wanapiga makofi. Unajua uzito wa kushukuriwa kwa kitu usichokifanya? Bora kutukanwa. Tusi unaweza kulijibu."

Nikamwonea huruma. Nilikuwa nimekuja na hasira, sikujua niziweke wapi, nikaziweka kwenye kiti cha pembeni. "Na asante zenyewe," nikamuuliza, "huwa unazifanyia nini?"

"Nazitunza. Si zangu, nitazitumiaje? Njoo uone."

Akafungua mtoto wa meza yangu, ule ninamoweka gundi na nyuzi. Tukaingia.

Tunatokea uani, kwenye mteremko, na ua mzima ni kuku. Kuku weupe, wekundu, weusi, wengine wenye shingo tupu, majogoo wenye mikia kama mapazia. Huwezi kuweka mguu.

"Kwetu mtu haendi kushukuru mikono mitupu," Hajulikani akaeleza. "Kwa hiyo kila asante iliyosemwa ilifika hapa ikiwa kuku. Wale majogoo pale ni hotuba za wageni rasmi. Hawa wadogo ni wa wale wanaoshukuru chinichini, wenyewe hawajijui kama wameshukuru."

"Unawalisha nini?"

"Kuku wa asante hali. Anachotaka ni kufika tu."

Kuku mmoja wa madoadoa, mnene kupita wote, akajitenga na wenzake, akaja mpaka miguuni pangu. Akaniangalia kwa jicho moja kama kuku wanavyofanya.

"Hidaya," akasema, "umekonda."

Sauti ilikuwa ya mama. Si kama ya mama: ya mama hasa, na ule mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi kabla hajanywa kitu. Mama ametutoka muda mrefu. Nikapiga magoti kwenye mavi ya kuku.

"Shikamoo, mama."

"Mimi si mama yako," akasema kuku. "Mimi ni asante yake. Lakini marahaba."

"Unakaa huku?"

"Nimeletwa huku. Kila alipofunga kile kitabu nilinenepa kidogo, unaona nilivyo. Huyu baba hajanitendea ubaya, Mungu amjalie. Ananifunika mvua ikinyesha. Lakini sikutumwa kwake."

Hajulikani akainamisha kichwa. "Nilijaribu kumpeleka. Njiani watu wanauliza, unampeleka kwa nani? Nasema sijui. Wanasema, basi rudi naye."

Hapo ikatoka nyuma ya banda Dhana yangu. Niliitambua, ingawa sikuwahi kuiona ikiwa na mwili. Mwanzoni mwa kazi hii niliwahi kudhani kuwa jalada lilichorwa na mke wa mkuu wa misheni ile, kwa sababu kuna picha zake za maua ambazo majani yake yanafanana na haya. Nilimwambia Bwana Kihiyo mara moja tu, naye akainua nyusi. Sasa Dhana inakuja ikirukaruka kwa mguu mmoja, maana mwingine haina.

"Ni yeye!" inapiga kelele. "Majani yanafanana! Majani yanafanana!"

"Kufanana si kuwa," ikasema sauti ya Bwana Kihiyo kutoka ndani ya mpapai, na Dhana ikaanguka kifudifudi. Tukaiinua, tukaiegemeza ukutani ipumzike. Ilitushukuru. Akatokea kuku mwingine mdogo.

Ukuta wenyewe nilipougusa ulikuwa kitambaa cha kijani. Kinyonga yuko pale, dhahabu tupu, sasa ana ukubwa wa ng'ombe.

"Pandeni," akasema. "Mimi najua nilikotoka, ila sijui kusema. Najua kwenda tu."

Tukapanda: mimi mbele, kuku mapajani, Hajulikani nyuma ameshika kofia yake. Kinyonga akainua mguu, akafikiri, akaurudisha, akafikiri tena, akauweka. Yeye alikwenda polepole vile, milima ndiyo iliyokwenda mbio. Mabonde yanatupita, mashamba ya chai yanatupita, kanisa moja likatupita likiwa katikati ya ibada. Baridi ikaingia. Nikasikia harufu ya iliki na ya udongo uliolowa, nikajua tumefika juu.

Njiani pana kizuizi cha mti, na aliyekilinda ni Bwana Kihiyo. Amevaa koti la mvua. Anatufahamu lakini kazi ni kazi.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa msanii aliyechora jalada," nikajibu.

"Jina lake?"

"Ndilo tunalolifuata, bosi."

"Basi mtapita mtakaporudi nalo."

Ilikuwa haki kabisa. Kuku akashuka, akaenda mpaka kwenye kiatu cha Bwana Kihiyo.

"Baba," akamwambia, "unaniona?"

"Nakuona."

"Mimi ni asante. Niliyetumwa kwake hana jina, lakini angekuwa hayupo mimi ningetoka wapi? Umewahi kuona asante iliyojitaga?"

Bwana Kihiyo akamtazama miguu. Ilikuwa miwili, mizuri, ya njano. Akafikiri kwa muda, maji yakimchuruzika kutoka kwenye koti.

"Hilo linasimama," akasema, akainua kizuizi. Tulipokuwa tunapita akanong'ona, "Mkimwona mnisalimie. Mwambieni na mimi nilijifunzia kitabu kile."

Sikuwa nalijua hilo. Alikuwa ameficha chini ya koti kuku wake, mdogo, wa kahawia, akanikabidhi bila kunitazama usoni.

Kiwanda cha chapa ni nyumba ya mawe yenye bati jekundu. Ndani mna mashine moja kubwa ya kugongea majalada, inayosema peke yake, "Weka, gonga. Weka, gonga." Karibu na dirisha kuna meza ndefu, na mwanamke wa kama miaka thelathini ameinamia bamba la shaba, anachonga kwa patasi nyembamba kama mwiba. Ana aproni iliyokauka kwa gundi. Mbele yake, mkia ukiwa bado haujatoka kwenye shaba, amelala kinyonga nusu.

"Onga makeo," akatuamkia kwa Kishambaa bila kugeuka. "Karibuni ndani. Msikanyage vumbi la dhahabu, huwa tunalifagia na kulitumia tena."

Sasa ikawa kazi ya kuamkiana. Kwa sura mimi ndiye mkubwa, kwa miaka yeye ni wa wakati wa bibi yangu. Sikujua nani amwamkie nani. Mwisho tukasemeana shikamoo wote wawili kwa pamoja, wote wawili tukaitikia marahaba, na mambo yakaenda sawa.

Hajulikani akavua kofia, akasogea mbele. "Mama," akasema, "mimi ni mtu ambaye nimekuwa nikipokea vitu vyako miaka yote hii. Sikuviomba. Nimekuja kukuomba radhi na kurudisha."

Yule mwanamke akaweka patasi chini, akamtazama. Nadhani yeye alikuwa mtu wa kwanza kuiona sura ile ikatulia. "Kumbe ni wewe, mzee wangu," akasema. "Pole na mizigo. Kaa, kuna uji."

Mzee akakaa, akanywa uji, na mabega yakamshuka.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Mwaka mzima nilikuwa nayapanga, nikipiga pasi, nikipika. Sasa yote yamenitoroka. Nikauliza lililokuwa karibu: "Jina lako nani?"

Akatabasamu. "Nikikutajia utaamka nalo. Bosi wako atakuuliza umelipata wapi. Utamwambia ndotoni?"

"Hatakubali."

"Na asikubali. Mimi mwenyewe nisingekubali."

"Lakini kwa nini hukusaini? Wenzako walificha hata herufi mbili."

"Msimamizi alikataza. Alisema kitabu cha watoto hakihitaji jina la mfanyakazi. Hakuwa mtu mbaya. Nilipougua alinitumia maziwa. Ila alikuwa mtu wa kushika vitabu wima." Akanyanyua kitabu, akanionyesha: mikono miwili, umbali wa kutosha, kidevu juu. "Kila kilichotoka mashineni alikishika hivi, akakitazama, akasema, 'Safi.' Hakuna saini aliyoiona, kwa hiyo hakuna aliyesema uongo."

"Sielewi."

"Keti pale."

Akanielekeza upande wa pili wa meza, kwenye benchi refu lililopakana na ukuta. Nikaenda. Benchi lilikuwa la moto, kama lililokaliwa na watoto wengi wakainuka sasa hivi tu.

"Mimi nilisomea upande huo," akasema. "Tulikuwa wengi, kitabu kimoja, kinawekwa katikati ya meza. Wenye bahati walikaa huku, upande wa mwalimu. Sisi wengine tulikaa huko, tukazisoma herufi zikiwa zimesimama kwa vichwa. Mimi nilidhani ndivyo zilivyoumbwa. Nilipoletwa kiwandani wakanifundisha kuchonga bamba, na bamba linachongwa kinyume ili likigonga litoke sawa. Wenzangu walihangaika sana. Mimi nilikuwa nimeshazoea dunia iliyogeuzwa."

Akapapasa shaba kwa kidole gumba, akapuliza vumbi.

"Nilipopewa jalada hili nikawakumbuka wa benchi hilo. Wa upande wa mwalimu wana kinyonga wao, wima, mzuri. Na hawa wengine je, wanaoona kila picha kichwa chini? Nikawawekea kitu chao."

Kuku wa mama akaruka juu ya benchi, akakaa ubavuni pangu, akijipangapanga manyoya.

"Mama yako alikaa hapahapa," akaniambia.

"Hakuwahi kuniambia."

"Hakuona kama ni habari. Alichelewa kuanza, upande ule ulikuwa umejaa. Nacho hicho kitu alikiona siku ya kwanza alipojua herufi. Ila alidhani ni jina la kinyonga."

Kisha akapanda mezani. Sijawahi kuona kuku akitembea kwa heshima namna ile. Akapita katikati ya patasi na makopo ya gundi, akasimama mbele ya yule mwanamke, akasema kwa sauti ya mama yangu, "Asante wewe uliyechora."

Akarudia. Akairudia kwa sauti ya mtoto mwenye mafua, kwa sauti ya msichana, kwa sauti ya mama aliyechoka kutoka zamu ya wodini, kwa sauti ya mtu anayejizuia asipige miayo mbele ya mwanawe. Kila usiku mmoja ulisemwa, hakuna uliorukwa. Mashine iliacha kugonga. Kinyonga nusu pale kwenye shaba akageuza jicho. Na kadiri kuku alivyosema ndivyo alivyopungua, mpaka akabaki kifaranga, halafu unyoya mmoja wa madoadoa juu ya meza.

Yule mwanamke alilia kidogo, bila kelele, akajifuta kwa sehemu ya aproni isiyo na gundi.

"Imefika," akasema.

Nikamkabidhi na yule kuku mdogo wa kahawia. "Huyu ni wa Bwana Kihiyo. Anakusalimu sana." Akampakata. Nikasema, "Na mimi nina yangu. Lakini sikuleta kuku."

"Umeleta miguu," akasema. "Sema."

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya mbuzi walioingia darasani, na babu aliyelalamika, na sare nyeupe ya mama iliyoning'inia mlangoni, na mimi nikifuata mistari kwa kidole kwenye mwanga wa chemli. Nikamwambia kwamba mkate wangu na mabati ya nyumba yangu na miwani hii yote yalitoka kwenye kidole cha msichana mmoja aliyetaka kugusa kinyonga. Sikumaliza vizuri, nilikuwa narudiarudia maneno, lakini hakunikatiza. Hajulikani naye alikuwa anasikiliza, kikombe cha uji kikiwa hewani.

"Nilikuwa sijui kama alikwenda mbali hivyo," akasema hatimaye, akimtazama yule wa shaba. "Anatembea polepole sana."

Kisha akasukuma jalada lililokwisha, la kijani, bado la moto kutoka mashineni, likateleza juu ya meza hadi kwangu. Kwangu liko kichwa chini. Kinyonga akajivuta pembeni ili nipate kuona. Makangaga yanaanza kujikunjua, ncha moja moja, chini ya tumbo lake.

"Soma," akasema.

Nikainama. Nikaona ncha ya kwanza inasimama na kunyoosha mikono miwili upande mmoja.

Mashine ikasema, "Gonga," nami nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Jikoni mama mkubwa Sikudhani anachoma vitumbua na kubishana na redio. Sikujifunga hata kanga. Nilichukua simu, nikatafuta picha ya jalada, nikageuza simu juu chini.

Picha ikajigeuza, ikasimama wima.

Nikairudisha. Nayo ikarudi wima. Nikaizungusha haraka, nikaizungusha kwa hila, wapi. Simu yangu nayo ni mtu wa kushika vitabu wima. Mwishowe nikaiegemeza kwenye ukuta ulio karibu na kitanda, nikalala chali, nikaachia kichwa kikaning'inia nje ya godoro mpaka nywele zikagusa sakafu. Nikaikuza picha kwa kidole.

Makangaga chini ya tumbo la kinyonga. Nimeyapitia kwa kioo mwaka mzima nikiyahesabu majani tu. Ncha zake changa zilizojikunja: F. Kisha e, imejiviringa. Kisha l, ya bua jembamba. Nikaenda nazo mpaka mwisho wa tawi, Felista, na kwenye mabua ya chini, membamba kama nyuzi, Mbelwa. Felista Mbelwa.

Damu ilikuwa imenijaa usoni. Nikajiambia, mtu aliyening'inia anaweza kuona chochote, na mtu aliyetoka kuota ndiyo zaidi. Nikafumba macho, nikafumbua. Bado zipo.

Mama mkubwa akaingia na sahani ya vitumbua, akasimama.

"We Hidaya! Umepatwa na nini?"

"Nasoma, mama."

"Kichwa chini?" Akaweka sahani juu ya stuli, akavuta miwani yake iliyokuwa utosini, akainama huku akishika kiuno kuitazama simu. Akapiga kofi la furaha.

"Alaa! Huyu si Felista?"

Nilishindwa kuinuka. "Nani, mama?"

"Huyo kinyonga. Yuko kwenye simu sasa? Marehemu mama yako ndivyo alivyomwita tangu tukiwa wadogo. Felista, Felista. Tukimuuliza jina hilo kalitoa wapi, anasema limeandikwa palepale. Sisi tulikuwa tumekaa upande wa mwalimu, hatuoni kitu, tukamcheka mpaka akaacha kusema."

Nikampigia Bwana Kihiyo nikiwa bado chali. Alipokea mara moja, nyuma yake nikasikia mashine ya kuchapia kadi ikiwashwa.

"Shikamoo, bosi. Kadi ya kinyonga usiichape. Kitabu kiko mezani?"

"Marahaba. Kipo hapa mbele yangu. Kuna nini?"

"Kiache hapohapo kilivyo," nikamwambia. "Wewe nenda ukakae upande wa pili."

Kisha nikasikia kiti kinaburutwa.